Parashuti Yangu na Feni ya Wakwe

Naisimulia mwenyewe kwa sababu huko nje mmeisikia vibaya. Kuna wanaosema nilianguka kutoka kwenye ndege nikatua juu ya sinia la pilau, na kuna wengine (nawajua, wanakaa hapa hapa Nyakabiga na nawasalimia kila siku) wanaosema baba mkwe alinifunga kamba akanining'iniza darini ili nikate tamaa na binti yake. Si hivyo. Ukweli una aibu kuliko hayo yote, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, mbele ya watu ninaowaomba wanipe mke.

Kwa asiyenijua, naitwa Yusufu, ila mtaani hakuna anayeniita hivyo, wananiita Para, kwa sababu nilikaa Afrika Kusini nikitengeneza injini kwenye kiwanja kidogo cha ndege, na pale kulikuwa na klabu ya watu wanaoruka na parashuti kwa kupenda tu, si askari, wakanifundisha, nikaruka nikitetemeka, nikapenda, nikaruka tena na tena mpaka wakanipa cheti. Niliporudi Bujumbura nilikuja na parashuti yangu, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anaacha mchezo, nikaiweka juu ya kabati chumbani, na hapo ikakaa. Mvua zikaja zikapita, bati linavuja upande ule ule, joto letu mnalijua, na mimi kazi yangu ikawa kusimulia. Kuruka sikuruka tena, ningeruka wapi, lakini ukiniuliza nilikuwa nakujibu kwamba mimi ni mrukaji, kama jana tu nilikuwa angani.

Basi mwaka huu kundi la warukaji likaja kufanya maonyesho ufukweni, Jumapili, na mkuu wao ni Claver, Mrundi mwenzetu aliyekulia Ubelgiji. Walikuwa wanatafuta mtu wa hapa mjini ashuke na bendera ya nchi, na mtu akamwambia kuna Para wa Nyakabiga. Akanipigia simu.

"Para, unarukaga bado?"

"Naruka."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Si zamani," nikasema.

"Na parachute ya secours, ile ya akiba, iko à jour, imekaguliwa?"

"Iko à jour kabisa."

"Bon. Ijumaa ulete sac, begi yako, tuiangalie, na ufanye mazoezi pamoja na wengine. Mi siachi mutu aruke kama sijamuona."

Hapa niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa. Mgongoni mrukaji anabeba parashuti mbili, moja kubwa ya kila siku na moja ya akiba, ya kukuokoa ile kubwa ikigoma. Hiyo ya akiba hata kama hujaitumia kamwe lazima kila baada ya muda ifunguliwe na fundi mwenye kibali, ipigwe hewa, ikaguliwe, ikunjwe upya. Na mrukaji naye ni hivyo hivyo, akikaa muda mrefu chini anarudishwa mazoezini, ananing'inizwa kwenye mikanda na kufanyishwa tena na tena mpaka mikono ikumbuke kipi kinavutwa kwanza. Yote haya niliyajua. Nilikuwa nawafundisha hata vijana wa kijiweni, na huku kile kisanduku changu cha umeme (kinachoifungua akiba chenyewe kama umezimia hewani) betri yake ilikufa sijui lini.

Sasa, habari za Jumapili zikamfikia Mzee Ramadhani. Huyu ndiye baba yake Zuhura, mchumba wangu, mfanyabiashara wa vitambaa, anakaa Mutanga Nord, mtu mpole lakini akishasema neno hulisikii mara ya pili. Zuhura akanipigia simu, sauti iko chini.

"Baba anasema uje Ijumaa kisha swala, na hiyo kitu yako. Umueleze. Akiona haina hatari, maneno yetu yanaendelea. Akiona iko na hatari, anasema yeye hawezi kutoa mutoto kwa mutu anajitupaka toka juu."

"Nitakuja," nikamwambia.

"Yusufu, haina hatari kweli?"

"Haina."

Ijumaa kwa wakwe, Ijumaa kwa Claver, na mimi ni mmoja. Mtu mwenye akili angepitia kwa Claver kwanza, akaguliwe, kisha aende Mutanga Nord kifua mbele akiwa na jibu la kweli. Mimi nilimpigia Claver nikamwambia nina jambo la familia, nitapita Jumapili asubuhi kabla ya ndege kuruka, maana kwangu kila kitu kiko sawa. Akasema, "Kama we mwenyewe unaniambia iko sawa, mi nakuamini." Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi. Kwa sababu, nikisema kweli, usingizi ulikuwa umenikimbia toka siku aliponipigia mara ya kwanza, nilikuwa nikilala chali nalitazama lile begi juu ya kabati, na hakuna mtu ningemweleza, Para mzima anaogopa kuruka.

Ijumaa nikafika. Sebule ya Mzee Ramadhani ni kubwa, makochi yamepangwa ukutani, meza ndefu katikati yenye sinia la pilau na sambusa, na juu ya meza feni ya darini inazunguka kwa nguvu zote maana joto lilikuwa la kuchemsha watu. Mzee amekaa, Mama Zuhura amekaa, shangazi mmoja wa Gasenyi aliyekuja kuona mkwe wa angani amekaa, Zuhura amesimama mlangoni ananitazama kwa macho ya kuomba. Nikasalimia, nikashika mikono yote, na badala ya kuweka begi chini na kueleza kama watu wanavyoeleza, nikalivaa. (Nani aliniomba nilivae? Hakuna.) Mikanda ya mapaja ukiifunga juu ya kanzu, kanzu inapanda na kufura huku na huku, shangazi akaziba mdomo kwa mtandio, lakini mimi niliona ni heshima ninayopewa.

Nikaanza darsa. Nikaeleza parashuti kubwa, nikaeleza ya akiba, nikaeleza kile kisanduku cha umeme na namna kinavyofanya kazi (maiti ile), na nikaona uso wa Mzee unaanza kulegea. Mama Zuhura akauliza kama kweli ya akiba haijawahi kumkatalia mtu. Nikamwambia, "Mama, ikikunjwa vizuri, we vuta tu, iko tayari." Mzee akasema nisogee, hajaona vizuri hicho cha kuvuta.

Nikasogea mpaka mbele ya kiti chake. Yeye amekaa, mimi nimesimama, na mkwe hasimami wima juu ya kichwa cha baba mkwe, mnajua wenyewe, kwa hiyo nikainama. Nikainama vizuri kabisa, kwa adabu, mgongo ukatazama dari.

"Hii nyekundu ya kuume inaachisha ile kubwa kama imeharibika," nikaeleza nikimwonyesha kifuani kwangu. "Na hii ya chuma ya kushoto ndiyo ya akiba."

Mzee Ramadhani ameuza vitambaa maisha yake yote, na mkono wake haujui kugusa kitu bila kukivuta kidogo uone kama kinashika. Nikaona vidole vyake vinaingia kwenye kile kishikio. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kusema "Mzee, usiguse", na angekuwa mtu mwingine yeyote ningemshika mkono, lakini utamshikaje mkono baba mkwe, utamwambiaje "usiguse" ndani ya nyumba yake, siku amekuita akupime? Nikatabasamu.

"Kwa hiyo unavutaka tu hivi?" akasema, na akavuta.

Ndani ya akiba kuna kiparashuti kidogo chenye springi ngumu, kazi yake ni kuruka nje kwa kishindo, kukamata upepo na kuvuta parashuti yenyewe. Kikaruka. Kikatoka mgongoni kwangu kwenda moja kwa moja kwenye feni, feni ikakipokea, ikaanza kuviringisha utepe wake mrefu kama mtu anayekunja uzi, ule utepe ukaing'oa mfuko wa akiba mgongoni ukaupandisha juu. Hapa sasa nisikilizeni. Mfuko ukishatoka, kamba za parashuti zinatakiwa zifunguke zenyewe, pindo kwa pindo, mita nyingi, na mimi niliyezivaa ningebaki nimeinama palepale nikimwomba Mzee msamaha huku kamba zinamwagika sebuleni. Zangu hazikufunguka hata pindo moja. Zilikuwa zimeshikana donge, kwa hiyo feni ilipovuta mfuko, ikanivuta na mimi.

Nilirudi kinyumenyume. Nilipiga meza kwa nyuma ya magoti, nikapanda juu yake bila kutaka, mikono hewani, nikakanyaga sambusa, nikakaa kwenye pilau. Shangazi akapaza sauti akitaja majina ya Mungu yote aliyoyakumbuka kwa wakati ule. Feni ikalia mlio wa ajabu, ikachomoka darini, ikabaki inaning'inia kwa waya wake, na vipande vya dari vikanimwagikia kichwani. Zuhura ndiye aliyekimbilia swichi. Kutoka ndani ya ule mfuko, kwa utulivu wa mwenye nyumba, akatoka mende mmoja, akashuka kwenye kamba mpaka begani kwangu.

Nikangoja kufukuzwa. Kwa kweli nilitamani nifukuzwe haraka. Lakini Mzee aliinuka, akaushusha ule mfuko kutoka kwenye feni, akaufungua kwa mikono yake, na harufu ya ukungu ikajaa sebule nzima. Mipira inayoshikilia kamba ilikuwa imeyeyuka kwa joto ikawa ulimbo mweusi, kamba zimegandamana ndani yake, kitambaa kina madoa ya kijani. Alijaribu kuutenganisha uzi mmoja na mwingine, akashindwa. Akaniletea lile donge pale pale kwenye pilau.

"Yusufu. Hii ilikuwa ifunguke?"

Ningeweza kusema ni feni imeiharibu. Wazo hilo lilikuja, halikukaa.

"Ndiyo, Mzee."

"Na Jumapili, kule juu, kama kubwa imekataa, ndiyo ungevuta hii?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ingefunguka?"

"Hapana."

Mama Zuhura akasema "Alhamdulillahi" polepole, akaanza kulia.

"Mupigie huyo mukubwa wenu," Mzee akasema. "Hapa hapa, tusikie."

Nikampigia Claver, simu iko wazi, punje za wali zimeshika sikioni, nikamweleza yote, juu ya kabati, bati linalovuja, betri iliyokufa, na kwamba sijaruka toka nirudi nchini.

"Umesema sasa, ni vizuri," akajibu. "Huruki. Hiyo sac mutu asiiguse tena. Siku ukitaka kurudi utaanza kama mwanafunzi, mazoezi yote, na parachute ambayo imekaguliwa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Na nilipokata simu nilipumua, jamani, nilipumua mpaka Zuhura akanikimbilia akidhani nimeumia. Sikuumia. Nilikuwa nimepona. Hofu yote ya usiku baada ya usiku ilinitoka pale pale, nikaanza kucheka na machozi yanatoka, mkwe mtarajiwa ndani ya sinia, na hakuna aliyeniuliza nacheka nini.

Jumapili asubuhi Mzee alinipitia kwa gari lake. Tulisimama ufukweni familia nzima, mimi nimevaa suruali na shati kama mtu wa kawaida, bendera akashuka nayo kijana mwingine wa kundi la Claver, na watu wa Nyakabiga wakaniuliza kwa sauti kubwa mbona Para yuko chini. Niliwajibu kwamba siko tayari, sijafanya mazoezi na vifaa vyangu vimeoza. Kila mara nilipolisema lilikuwa jepesi zaidi. Na nimejiapiza kwamba mtu akiniuliza tena kama naruka bado, nitamwambia tarehe ya mara ya mwisho kabla sijamwambia jina langu, na kwamba siku nikirudi angani hakuna mkanda nitakaoufunga kabla mwingine mwenye kibali hajaukagua.

Ndege ilipokuwa juu, mama mkwe alisogea nyuma yangu akanishika mkanda wa suruali. Nilidhani anataka kupita. Aliushika ngumi nzima, kama naweza kuruka kwenda juu wakati wowote. Warukaji wakashuka mmoja mmoja, watu wakapiga makofi, na wa mwisho alipogusa mchanga Mzee Ramadhani akanigeukia.

"Wazee wako waje lini?"

Nilitaka nipige hatua mbele nimjibu kwa heshima zote, lakini mama mkwe alikuwa bado hajaachia.