Siku Nilishindwa na Sufuria

Hii stori inanichoma, lakini wacha niseme tu: mimi nilishindwa uchaguzi na sufuria. Si mtu anaitwa Sufuria. Sufuria yenyewe, ya kupika ugali, imeungua chini na imebondeka ubavu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, kura zimekaribia. Nilikuwa fundi wa viatu hapa Kambi Muru. Masomo yaliishia darasa la nane, lakini mdomo ulikuwa umefika chuo kikuu. Mathe, mamangu, alikuwa ameingia kanisa la Wamormoni, anatembea na miguu kila Jumapili kutoka Soweto West mpaka Kawangware kwa nyumba walikuwa wamekodi ya kuabudu.

Huko akina mama walikuwa na kiongozi wao, mama mfupi wa kutoka upande wa ziwa, muuza omena, sauti kama ya mwalimu wa zamu. Watu wote walimwita Sista. Kazi ya kanisa haikuwa na mshahara, lakini ilikuwa lazima ahakikishe kila mama ametembelewa kila mwezi, na mgonjwa ameletewa uji. Chai hakuwa anagusa. Hao watu majani ya chai ni mwiko kabisa. Majirani walikuwa wanasema Sista ana vidonda vya tumbo, wengine wanasema ni uchoyo tu.

Kitu ingine alikuwa nayo ni kura. Enzi ya mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya picha ya mtu wao, Sista alisimama kwa laini ndefu. Laini fupi ikatangazwa imeshinda. Landlodi wake alikuwa kwa hiyo fupi, akimwangalia tu. Jioni akakuja, akang'oa mlango wa nyumba ya Sista, akaenda nao. Tangu hiyo siku Sista alikuwa na dini mbili: ile ya Jumapili, na kura ya siri.

Sasa mathe hajui kusoma. Kura ya tisini na mbili karani alimwuliza anataka nani, na buda, yaani babangu, alikuwa ameingia naye ati kumsaidia, akajibu kabla mathe afungue mdomo.  Lakini miaka mitano yote alikuwa anamwambia Sista kitu moja: safari hii anataka kuingia peke yake, aweke alama na mkono wake, atoke.

Kwa hivyo Jumamosi, kura ikiwa ni Jumatatu, Sista akafanya uchaguzi wa mazoezi. Leso ya kanga ikafungwa kwa kona, mtu anaingia nyuma yake peke yake. Debe la mafuta ya kupikia likatobolewa juu. Karatasi zikachorwa picha, ndio asiyejua kusoma ajue pa kuweka alama. Mgombea wa kwanza akawa sufuria, juu sufuria haiwezi kuweka kinyongo ikishindwa. Wa pili alitakiwa awe mtu. Mathe akanitoa mimi. Alama yangu, kiatu.

Nilifanya kampeni kama mheshimiwa. Niliahidi barabara, nikaahidi kila mama soli mpya, na asubuhi yenyewe nikakuja na birika mbili za chai ya maziwa. Chai, kwa Wamormoni. Nilijua hawanywi, lakini nilidhani hawanywi ya kununua. Akina mama thelathini na wawili wakaniangalia tu. Sista akashukuru kwa upole, akaweka zile birika karibu na sufuria. Hapo mpinzani wangu akaonekana ana heshima kuliko mimi. Angalau yeye alikuwa mtupu.

Sista alitaka kila kitu kiwe kama siku yenyewe, mpaka wino wa kidole. Nikajitolea tena. Nikaleta rangi yangu nyeusi ya kupaka ngozi ya viatu, kila mama akachovya kidole kidogo cha kushoto.

Matokeo: sufuria thelathini na moja, kiatu moja, iliyoharibika moja. Iliyoharibika ilikuwa yangu. Niliandika jina langu chini, ndio wajue ni mimi. Halafu kabla jua litue, akina mama tisa, mmoja mmoja, walinivuta kando wakaniambia ile kura moja ni yao. Mathe hakuwa kati yao.

Kesho yake ndio tuligundua ile rangi haitoki. Wakajaribu ndimu, majivu, mafuta ya taa. Mathe alisugua na jiwe mpaka ngozi ikaanza kutoka, rangi imekaa tu. Na mtu mwenye kidole cheusi ni mtu ameshapiga kura. Buda alicheka, akasema sasa ataingia na mathe amwelezee karani, na wakiwa huko ndani amsaidie na hiyo ingine, ya kuchagua.

Mimi nikaona njia: wachovye vidole vyote kumi, tuseme ni mafundi wa viatu wa kwangu. Sista akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kuingia kupiga kura nikiwa nimebeba uongo," akasema. "Wewe ndio ulituchafua. Wewe ndio utaeleza."

Jumatatu alfajiri nilikuwa kwa shule ya kupigia kura, upande wa Nyayo Highrise, mbele ya msimamizi, mkebe wa rangi mkononi na akina mama wote nyuma yangu. Hakuniamini. Nikachovya kidole changu mbele yake, nikakisugua na mate, nikakisugua na shati. Shati ndio ilibadilika. Jamaa alicheka mpaka akakalia meza. Akasema wataangaliwa majina kwa orodha, na wino wa kweli watapakwa mkono wa kulia.

Zamu ya mathe ikafika. Karani akamwuliza kama anataka kusaidiwa. Buda alikuwa ameshapiga hatua.

"Wacha, baba watoto," mathe akamwambia. "Hii najua. Nilifanyia mazoezi na sufuria."

Akaingia peke yake. Akakaa huko mpaka laini ikaanza kunung'unika, akatoka na vidole viwili vyeusi, anatembea kama mwenye shule.

Mimi nilipofika, karani mwingine aliyekuwa ametoka kunywa chai aliona kidole changu akanifukuza kama mwizi. Nilipiga kura saa kumi jioni, baada ya kueleza upya stori yote, na sufuria ndani.

Buda alimwuliza mathe mara tatu njiani amechagua nani. Mathe akasema amechagua vizuri. Jioni nikamkuta nje anaosha ile sufuria mshindi, kumbe ilikuwa yetu. Nikachutama karibu yake, nikamwomba, mathe, mimi ni mtoto wako, niambie tu kama ile kura moja ya kiatu ilikuwa yako.

Akaendelea kusugua.

"Nikikuambia wewe," akasema, "babako nitamwambia nini?"