Maji ya Moto ya Uzazi

Nilijifungua binti yangu mjini, nikapelekwa kwa mama, kijijini Akheri, nilelewe uzazi. Kwetu mzazi anadekezwa: mtori wa ndizi asubuhi, mtori jioni, na maji ya kukandwa yanayotoka jikoni yakitoa mvuke. Mama alichovya taulo, akanikanda tumbo na kiuno mpaka nikaomba poo. Nikimwambia ayapoze kidogo ananicheka, eti nataka vuguvugu kama watalii wa Usa River.

Wiki ya pili, katikati ya kukandwa, jicho la kulia likafifia. Mwili ulipopoa likarudi, nikamshukuru Mungu. Kesho yake likafifia tena, na miguu ikafa ganzi. Nilipomwambia mama, akasema ni damu chafu inatoka, akaongeza kuni. Masikini, ndivyo alivyokandwa yeye na mama yake. Siku chache baadaye nilisimama na mtoto mikononi, magoti yakalegea. Mama alimdaka mjukuu wake, mimi nikafika sakafuni peke yangu.

Hospitali walinipiga picha ya ubongo. Daktari akataja maltipo sklerosisi, akaeleza kwamba kinga ya mwili wangu inashambulia mishipa yangu ya fahamu. Wengine huugua hivyo miaka mingi, polepole. Ugonjwa wangu ni wa aina adimu na mkali, unaweza kumlaza mtu kitandani kwa wiki chache. Maji hayakuuleta, alimwambia mama, joto liliufichua tu. Mama alilia hata hivyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, changu kilikuwa ndani ya ngozi. Jamani, niliogopa.

Dripu za dawa zilinisimamisha, jicho likarudi nusu. Ila daktari hakunificha: ugonjwa unaweza kurudi wakati wowote. Tangu hapo nikiamka sifumbui macho haraka. Nachezesha vidole vya miguu kwanza, roho mkononi, huku mtoto analia na mama ananiita.

Mama naye hanipi mtoto mpaka nikae. Juzi niliona miguu imetulia, nikamfuata uani.

"Mama, leo nipe nikiwa nimesimama."

Alimkumbatia mtoto, akaitazama miguu yangu.

"Na ukianguka, mwanangu?"

Nilitaka kukasirika, maana mtoto ni wangu. Badala yake nikavuta kigoda, nikakaa, nikanyoosha mikono.