Kitabu cha Ngozi na Posa ya Binti Yangu

Kazi yangu ni vioo. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kuna mzee wa Kirundi anafanya kazi makumbusho hapa Dallas, wanadhani nafundisha. Nifundishe nini? Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, mbuzi wa baba walikuwa wengi na wachungaji wachache. Mimi nafuta vioo. Asubuhi kabla ya milango kufunguliwa napita na chupa ya dawa na kitambaa, naondoa vidole vya watu wa jana. Vidole tu? Na pua! Watu wazima wenye tai shingoni wanabandika pua kwenye kioo kama watoto nje ya duka la mikate.

Kabla ya hapo nilikuwa ghalani Garland, nabeba maboksi, mpaka goti likakataa. Hadithi ya goti tuiache, ni ndefu, na daktari ameisikia mara nyingi kuliko alivyopenda.

Basi wakaleta kitabu. Kilitoka Ulaya, kimeazimwa tu, kikapewa sanduku lake la kioo na chumba chake chenye mwanga hafifu, eti taa kali zitakula rangi. Kitabu ni kipana kama mlango wa kabati. Kurasa zake ni ngozi ya ndama, na kimeandikwa chote kwa mkono, na watu waliokufa zamani hata sijui nihesabu kwa babu wangapi. Katikati ya ukurasa kuna maandishi makubwa meusi, na pande zote maandishi madogo yameyazunguka, yanasukumana kama kuku waliomwagiwa mtama. Juu yake picha. Padri, beseni la mawe, mtoto uchi, mwanamume amenyoosha mikono ampokee. Pembeni mwanamke amegeuza uso, amenuna. Na nyuma yao wote dhahabu, dhahabu kweli. Ukisogea kidogo inakukonyeza.

Siku kadhaa nilifuta kioo kile huku namwangalia yule mwanamke. Nilikaa na mke miaka mingi, najua mke aliyenuna kwa sababu. Mwisho nikamuuliza mlinzi wa chumba, Mkenya mmoja anayekaa Arlington, kijana mcheshi ambaye kila siku anasikiliza maelezo ya mama anayetembeza wageni, mpaka ameyashika yote.

"Hii Biblia gani yenye ugomvi?"

"Si Biblia, mzee wangu. Ni sheria za kanisa, za zamani. Hapo ni kesi."

"Kesi ya nini?"

"Jamaa alienda ubatizo, watu wamejaa, vurugu tupu, akapokea mtoto kutoka kwa maji. Kuangalia vizuri, ni mtoto wake mwenyewe! Sasa amekuwa baba wa ubatizo wa mtoto wake, na bibi yake amekuwa ndugu yake wa kiroho. Swali: waendelee kukaa pamoja ama waachane?"

"Na jibu?"

"Jibu ndiyo haya maandishi madogo yote. Mawakili, mzee! Hawajawahi kumaliza." Akacheka. "Na kuna swali lingine chini yake. Mtoto wako wa kuzaa na mtoto uliyemshika ubatizo, wanaweza kuoana? Kuna wazee hapo wanakataa kabisa. Wanasema hao ni ndugu."

Kitambaa kikanitoka mkononi.

"Rudia hapo mwisho," nikamwambia.

Sasa nieleze kwa nini. Nina binti, kitindamimba wangu, tuliyebaki naye wawili nyumbani baada ya mama yake kututoka. Ndiye anayenisomea barua, maana nchi hii haichoki kukuandikia: bima, umeme, hospitali, hata mtu asiyekujua anakuandikia akuuzie kaburi. Ndiye anayeniendesha. Ndiye anayejua nikikohoa kikohozi cha kweli na nikikohoa cha kutaka chai. Na wakati ule alikuwa ameposwa, kwa siri bado, na kijana anayesukuma vitanda vya wagonjwa hospitali moja Houston, mwenye nyumba ya kupanga Stafford, kando ya Houston. Kutoka kwetu Garland mpaka Stafford ni saa nne za gari, na mimi gari siendeshi.

Yule kijana sikuwa na neno naye. Nilimtafutia kosa, nasema ukweli, na sikupata. Mpole, anasali, hanywi mpaka akalewa, anawaheshimu wakubwa. Ningempata hata na kosa dogo ningelikuza.

Na sasa sikiliza. Kijana huyo ni mtoto wangu wa ubatizo. Katika kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, padri alikuwa akija mara chache mno, kwa hiyo akija alibatiza kama anayekimbizwa. Siku ile watoto walikuwa hawahesabiki, chini ya turubai, na mimi nilisimama kuwa baba wa ubatizo wa yule mtoto mchanga wa kiume wa jirani yetu. Binti yangu alizaliwa baadaye. Hapa Marekani hakuna aliyeona tatizo, hata mimi sikuliona, mpaka kitabu kile cha dhahabu.

Padri wetu sikumuuliza. Jibu nililolitaka nilikuwa nalo tayari, la nini kumsumbua?

Siku ya kuja kuomba mchumba ilipofika, watu walijaa ukumbi wa parokia. Kwa Warundi siku hiyo ni ya maneno. Upande wa mume una msemaji wake, upande wa binti una wake, wanapimana. Msemaji wa binti lazima akatae kwanza. Atasema binti tumeshampa mwingine, atasema hatuwajui nyinyi, mmepotea njia, rudini barabarani. Watu wanacheka, vinywaji vinaongezwa, mwisho anasema "mmepewa," na binti, aliyefichwa ndani muda wote na shangazi zake, anatolewa. Baba wa binti kwa desturi anakaa kimya, anakunywa. Mimi nikasema msemaji wetu nitakuwa mimi mwenyewe. Mashemeji, ndugu za marehemu mke wangu, walishangaa, lakini nani atambishia mzee kwenye ukumbi wake?

Msemaji wao akasimama, mwanamume mnene wa Houston mwenye sauti ya redio. "Wazee wetu wa Garland, tumeona ua katika bustani yenu..."

"Kaa chini," nikasema. "Ua hilo haliwahusu. Hao ni ndugu."

Kicheko.

"Kijana wenu nilimshika ubatizo. Ni mwanangu. Mnataka niozeshe mwanangu kwa mwanangu? Kuna kitabu Dallas, cha ngozi, kina dhahabu, kimesema hapana. Nakifuta mimi kila asubuhi!"

Ukumbi ukalia kwa vicheko. Mtu mmoja alipiga meza mpaka soda zikaanguka. Walisema hawajawahi kusikia kukataa kwa akili namna ile, na msemaji wa Houston akatoa leso kujifuta jasho. Padri wetu, Mkongo aliyekuwa amekaa karibu na wali, akainua mkono. "Mzee, hiyo sheria ilishafutwa zamani sana."

"Wewe umealikwa kula, Padri," nikamwambia. Wakacheka tena. Kumbe walidhani ni mchezo! Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba nilimaanisha kila neno.

Hapo akasimama mama yake kijana. Mwanamke mfupi, mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu kambini.

"Muamu," akaniita, yaani shemeji, kama majirani tulivyoitana zamani, "unisamehe. Hukumbatizisha mwanangu."

"Nilimbatizisha, nilimshika kwa mikono hii."

"Ulimshika, ndiyo. Kisha upepo ukainua turubai, ukamlaza mkekani ukaenda kufunga kamba. Watoto wote walikuwa kwenye blanketi za namna moja, za kijivu, za msaada. Uliporudi ulimwokota wa mwenzako. Nilikuona! Lakini ulishafika mbele, Padri ameshamwaga maji, na wewe unataja jina la mwanangu kwa sauti kubwa. Ningekuaibisha vipi mbele ya watu? Nikamchukua wangu, nikapanga foleni upya, katekista akamshika."

"Na niliyemshika mimi alikuwa nani?"

"Alikuwa msichana. Yuko Fort Worth, ana watoto wawili. Cheti chake cha ubatizo kina jina la mwanangu, la kiume, mpaka leo, na wenyewe hawajui lilitoka wapi."

Sitaeleza kelele za ukumbi. Padri alifunika uso kwa sahani.

"Na miaka yote hii hukusema!"

"Kila Pasaka ulituletea sukari ya mtoto wako wa ubatizo," akasema yule mama, akaangalia chini. "Ilikuwa kambi, muamu."

Kesi yangu ikafa hapo. Watu wakaningoja niseme neno moja lililobaki, nami nikakohoa. Nikaomba maji. Nikauliza kama wageni wameshiba. Shemeji mmoja akanivuta koti. Ndipo shangazi mmoja akatoka jikoni, akaniinamia sikioni: "Mtoto anakuita."

Ukumbi ukashangilia nilipoondoka, wakadhani ni ujanja mwingine.

Alikuwa amesimama kando ya friji, amevaa vitambaa vyake vya heshima, shanga kichwani. Yeye hakuwa anacheka. Katika watu wote wale yeye peke yake ndiye anayejua kikohozi changu.

"Baba. Ni kitabu, au ni Stafford?"

Nikaangalia sufuria. Zilikuwa nyingi, zimeoshwa vizuri.

"Baba."

"Ni Stafford," nikasema.

Shangazi zake wakajifanya wanahesabu vijiko.

"Ungeniambia," akasema. "Kuliko kunifanya ndugu wa mume wangu mbele ya watu mia."

"Ningekuambia nini? Usiende? Ningekuwa baba wa namna gani?"

"Na hivi umekuwa wa namna gani?"

Alinirekebisha kola ya shati, kwa hasira kidogo, kidole chake kikanigusa shingo, kina baridi ya maji ya jikoni. "Nenda kawaambie huo ukweli. Kisha utoe jibu, lolote. Mimi nitalisikia hapa hapa."

Nikarudi. Nikasimama mbele yao na goti langu. Nikasema, "Kile kitabu kiacheni. Tatizo langu ni kwamba Stafford ni mbali, na nyumbani nitabaki peke yangu." Safari hii hakuna aliyecheka. Kijana mwenyewe, ambaye desturi inamtaka akae kimya kama mzigo, akainuka nusu, mama yake akamshika mkono, akakaa. Afadhali alimkalisha. Angesema neno jema ningelia.

"Mmepewa," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, sidhani waliokaa nyuma waliisikia. Lakini jikoni waliisikia. Vigelegele vilianza kule ndani, na bibi harusi kwetu hajipigii vigelegele, ni aibu, hilo kila mtoto wa Kirundi analijua. Cha kwanza kabisa kilikuwa chake.