Ukuta wa Sangari

Enzi za ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara, mume wangu alipunguzwa kazi, akaamua kuwa mwenye kiwanda. Aling'oa sangari, gugu lililovamia kila shamba la chai, akaliponda likabaki nyuzi, akazichanganya na uji wa muhogo na chumvi ya kuzuia ukungu, akazigandamiza kwa mawe. Zikatoka mbao ngumu. Nilimcheka.

Kisha baba mkwe akaja kwetu Tukuyu kutibiwa, pamoja na ng'ombe wake, maana hakuona wa kumwachia. Sisi Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Nasi tulikuwa na chumba kimoja! Mume wangu akakigawa kwa mbao zake: kule mzee na ng'ombe, huku mimi na masufuria. Chakula cha mzee alikipeleka yeye.

Siku moja alitoka asubuhi kutafuta wateja, asirudi. Mchana nikasikia kitu kinatafuna. Ukuta ukatoboka, ukatokeza mdomo wa ng'ombe, na nyuma yake baba mkwe mzimamzima. Nikajifunika kanga kichwa chote.

Mzee akakohoa, akamwambia ng'ombe kwa sauti ya kunifikia: "Shukuru, wewe. Mwenzio hata ukuta sijaletewa."