Kitanda cha Udongo cha Bibi Languida

Bujumbura hatutafuti joto, joto ndilo linalotutafuta sisi. Kwa hiyo siku jirani yangu Spès aliponiambia kwamba anajenga jiko la kupasha chumba, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wake, na ulikuwa bado mbichi.

"We Khadidja, cheka sana, lakini toa mukono kwa matofali yangu!" alinifokea.

Spès ni fundi cherehani katika soko la Kinama. Asubuhi anajenga, mchana anashona. Nyumba yake hapa Carama ameijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwa rukarakara, yaani matofali ya udongo yanayokaushwa tu bila kuchomwa. Alilipa mtu wa kupiga paa, basi. Mengine yote ni mikono yake, na mara nyingine yangu, maana mimi siwezi kumwona mtu akihangaika peke yake halafu nikarudi ndani kunywa chai. Wanaume wa mtaani walimpachika jina Madamu Masoni, yaani mama mwashi. Waliokuwa wakimtania hivyo, wengi wao wanapanga nyumba za watu mpaka leo.

Jiko lile alilijenga kwa ajili ya mama yake, Bibi Languida, mtu wa Ijenda. Ijenda ni juu milimani, ukungu hauondoki mpaka saa nne na watu wanavaa makoti mchana kweupe. Bibi alipofiwa na mumewe akabaki peke yake na magoti mabovu. Siku moja alianguka karibu na mafiga, akalala pale chini mpaka watoto wa jirani walipopita. Spès ni mtoto wake pekee aliye hai. Akapanda gari, akamleta kwake.

Ungedhani mtu wa Ijenda atashukuru kupata jua letu. Thubutu! Bibi alizunguka nyumba nzima, akagusa kuta, akauliza moto uko wapi. Spès akamwonyesha imbabura, jiko letu la makaa, lililokuwa uani. Bibi akatikisa kichwa. Maisha yake yote alikuwa amelala mgongo wake ukielekea moto, na chumba kisicho na moto, alisema, ni stoo ya viazi.

Ilikuwa Julai, na usiku wa Julai hata sisi tunajifunika. Bibi akavumilia siku chache. Halafu usiku mmoja, watu wamelala, akaibeba imbabura ikiwa na makaa mekundu, akaiingiza chumbani, akafunga dirisha, akapiga komeo mlangoni, na kitenge akakisokomeza chini yake ili joto lisitoke.

Alfajiri nilikuwa natawadha niliposikia Spès akiita jina langu kwa sauti ambayo sijaisahau. Mume wake Bonfils, dereva wa lori la Dar es Salaam, alikuwa safarini. Tukauvunja mlango sisi wawili. Bibi alikuwa amelala kimya, pumzi ikija mojamoja. Tukamburuta hadi uani kwenye hewa, tukamkimbiza hospitali, na Mungu akatuhurumia. Makaa yaliyokolea hayana moshi wala harufu, na ndiyo maana watu wanayaamini. Katika chumba kilichofungwa yanamuua mtu akiwa usingizini. Kama una imbabura ndani kwako sasa hivi, weka kitabu chini uitoe.

Na Bibi alipopata fahamu alisema nini? Alituuliza nani amevunja mlango. Baada ya hapo akadai arudishwe kwake.

"Mama, ngoja, nitakujengea moto," Spès alimsihi.

"Moto haujengwi mwanangu, unawashwa."

Akarudi Ijenda. Tangu siku ile, simu ikilia kutoka kule, Spès alikuwa anaacha kitambaa nusu chini ya sindano. Aliogopa kuambiwa kwamba safari hii hakupita mtoto yeyote wa jirani. Mimi nilikuwa namtania kwa kila kitu, lakini kwa hilo sikuthubutu.

Akaja na wazo lake. Moto wenyewe ukae jikoni, upande wa pili wa ukuta, na mlango wake uwe huko huko. Moshi wake upite katika mfereji chini ya kitanda cha udongo, kilichojengwa ukutani chumbani kwa Bibi, halafu upande kwenye bomba na kutoka nje. Bibi apate joto la mgongoni, moshi asiuone.

Wewe unayetaka kujenga cha kwako, sikiliza, maana udongo huo nimeubeba kichwani. Udongo mtupu unapasuka ukikauka. Uchanganye na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, uukanyage kwa miguu mpaka ukibana tonge haligandi mkononi wala halimeguki. Usiuanike juani, utapasuka. Uache ukauke kivulini polepole, hata kama roho inakuuma. Moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, kisha ongeza siku kwa siku. Bomba linapopita kwenye paa lisiguse mbao, liachie nafasi. Na kabla mtu hajalala hapo, choma majani mabichi yenye moshi mwingi, upite na taa kwenye kila kona ya kitanda. Ukiona hata uzi mmoja wa moshi, ziba, ukaushe, uanze tena. Hata ukishamaliza, tundu la hewa la juu ukutani lisizibwe kamwe. Spès alilitengeneza kubwa, kitenge kizima hakiwezi kuliziba.

Bonfils akarudi kutoka Dar, jasho likimtiririka, akakuta mke wake anakanda udongo.

"Spès, we iko mugonjwa? Mutu anaongeza joto Bujumbura?"

"Mi si mugonjwa. We ulikuwa Dar, mi ndiye nilimuona mama yangu vile alikuwa."

Bonfils ni mtu mwema. Alivua shati, akaingia kwenye udongo kwa miguu. Kesho yake akaenda kwa wachomeleaji wa bati akarudi na bomba.

Jiko likajaribiwa asubuhi kadhaa, likavuta vizuri mno. Spès akaenda Ijenda kumbembeleza mama yake, na Bibi akakubali kuja kutazama tu. Alilisema hilo "kutazama tu" zaidi ya mara moja, ili tusijisahau.

Walifika mchana wa jua kali. Majirani tulikuwa tumejaa, nimepika pilau, Bonfils amefagia. Saa za alasiri Spès akawasha moto kwa fahari. Mara moshi ukarudi. Ulitokea mlango wa jiko kama umefukuzwa, ukajaa jikoni, ukaingia sebuleni, watu wakakimbilia uani wakikohoa. Pilau langu likanuka moshi. Bibi Languida akatoka mwisho, taratibu kwa fimbo yake, akaketi na kujifuta macho. Spès aligeukia ukuta akalia. Iliniuma, kwa sababu nilijua siku ngapi za kushona alizikosa kwa ajili ya kile kitanda.

Nikasimama nikitafuta nani wa kumgombeza, ndipo nikaona nguo zangu zinavyopepea kwenye kamba kuelekea milimani. Upepo wa ziwa! Kila alasiri unapanda kutoka Tanganyika na kuangusha nguo zangu, na asubuhi haupo. Jiko tulikuwa tumelijaribu asubuhi tu, kwa sababu mchana Spès yuko sokoni. Nikatazama juu. Bomba lilikuwa limeishia chini ya kilele cha paa, likiangalia ziwa.

"Spès, ju ya nini ulikata bomba pale?"

"Moshi si unajitokea? Kwetu unajitokea tu kwa paa."

Ndiyo hivyo. Kwao Ijenda, nyumba ya nyasi alimozaliwa haikuwa na bomba. Moshi ulijipenyeza wenyewe kwenye nyasi, na mtoto aliyekulia humo haoni kwa nini moshi usindikizwe mpaka juu. Lakini bati halipitishi kitu. Bomba lazima lizidi kilele cha paa, na livae kofia ili upepo na mvua visiingie.

Bonfils akapanda paani kesho yake na kipande kingine cha bomba, sisi tukimpigia kelele kutoka chini. Alasiri upepo ukaja, nguo zangu zikaanguka, na moshi ukaondoka zake kwa adabu. Nilipiga vigelegele peke yangu. Majirani wakadhani kuna harusi.

Bibi akalala kwenye kitanda chake cha udongo, godoro jembamba na mgongo kwenye joto. Kuni chache tu jioni zilitosha, maana udongo unalishika joto mpaka karibu na asubuhi. Kwa jua letu ilikuwa ni kichekesho, sisi wengine tumefungua madirisha yote na bado tunajipepea. Lakini Bibi alinenepa. Akaanza kunituma sokoni kama binti yake, akaanza kumgombeza Bonfils kwa kuvaa viatu ndani. Kila wiki alisema yeye ni mgeni, amekuja kutazama. Spès hakubisha. Uso wake ulinywea kidogo kila mara, nami nikauona.

Jumapili moja, wao wametoka misa, nilikuwa pale nachambua maharage. Bibi akamwomba Spès ampigie Laure, jirani wa kule Ijenda. Spès akaweka sauti ya juu kwa ajili ya masikio ya mama yake, wakaongea Kirundi, na mimi Kirundi nakisikia vizuri.

"Mama, moto wako nauwasha kila jioni kama ulivyoniagiza," alisema Laure. "Nyumba ina joto, njoo wakati wowote."

Sote hatukujua. Miezi yote ile, kule mlimani, moto ulikuwa unawaka katika nyumba tupu ukimngoja. Spès akaisogeza simu karibu na mdomo wa mama yake.

"Asante mwanangu," Bibi akamjibu. "Leo usiwashe."

"Na kesho?"

"Na kesho usiwashe. Kuni zilizobaki zichukue, uwapikie watoto wako."

Spès alikata simu, akakaa chini sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Mimi nililia juu ya maharage yangu bila aibu yoyote. Bibi Languida alitutazama sote wawili, akauliza kama leo hakuna mtu wa kupika katika nyumba hii.