Matone ya Leodegar

Leodegar alipigwa risasi ya gobore akiwa amesimama kwenye mtumbwi, upondo mkononi, akiwavusha askari wa Wajerumani ambao hakuwapenda. Walimtoa nyumbani kwake Michenga kwa kitako cha bunduki, kwa sababu mto Kilombero ulikuwa umefurika na yeye aliijua mikondo yake. Waliopiga risasi ni wenzake wa bondeni, wale wapiganaji wa Maji Maji waliokuwa bado wamejificha kwenye matete. Paja lilivunjika vibaya.

Mke wake Balbina alimkuta kambini Ifakara, akilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Daktari Mjerumani alimwekea vibao mguuni, kisha akamdondoshea kinywani matone machache ya dawa nyeusi, yenye uchungu mkali. Haikuchukua muda kilio kikakoma. Leodegar alimtazama mkewe, akatabasamu kama mtu aliyetoka kuoga.

"Mama Aurelia," alisema, "sasa hata ukinikata mguu sawa."

Balbina alitokwa na machozi ya shukrani. Daktari alimpa chupa ndogo, na Polikarpo, mhudumu wa wagonjwa kutoka Bagamoyo, akatafsiri: ampe kila maumivu yanapozidi, na ikiisha aje achukue nyingine. Kuhusu lini aache, daktari hakusema neno.

Wakarudi Michenga. Maji yalikuwa yamekizunguka kijiji, vihenge vya mpunga vilikuwa vimechomwa moto na askari, na watu walikula mizizi ya porini. Balbina alikuwa na siri moja, na mumewe aliijua. Kaka yake Kelestini alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakitafutwa ili wanyongwe, naye alijificha kwenye kisiwa cha matete, mwendo mfupi kwa mtumbwi. Balbina alimpelekea chakula, mtoto Aurelia akiwa mgongoni ili aonekane kama mama anayekwenda kutega samaki.

Kidonda kikafunga. Mfupa nao ukaanza kushika. Lakini Leodegar aliendelea kuiomba chupa, na alizidi kuitaka mapema. Ikichelewa alipiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vikamtoka, jasho likamlowesha wakati wengine wanajifunika kwa baridi. Mwanzoni Balbina alidhani ni homa. Kisha aliona kwamba homa hiyo ilipona kila alipofungua kizibo.

Aliporudi kambini alimvuta Polikarpo kando.

"Kaka Polikarpo, niambie kweli. Hii ni dawa gani?"

Polikarpo alitazama kwanza kama kuna mtu karibu. "Pwani tunaiita kasumba, yaani afyuni. Kwa maumivu kama yale hakuna inayoishinda, dada. Bila hiyo mumeo angekufa kwa kulia. Lakini ikikaa mwilini inajenga makao, mtu hawezi tena kuishi bila hiyo. Nimewaona watu kule Bagamoyo wameuza mpaka milango ya nyumba zao."

"Nimnyime basi?"

"Usimkate ghafla. Mpunguzie kidogo kidogo. Na uifiche. Daktari anaondoka na kikosi kwenda Mahenge, hii ninayokupa ndiyo chupa ya mwisho."

Balbina alirudi Michenga. Aliificha chupa kwenye kapu la mbegu, akaanza kupunguza. Leodegar alibembeleza, kisha akatukana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku moja Balbina alitoka kuchimba mizizi, na aliporudi alikuta mbegu zimemwagwa sakafuni na mumewe amelala chali. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Pumzi ilikuja, ikakaa, ikachelewa mno kurudi. Alimkalisha, akampiga makofi, akammwagia maji, akamwita jina mpaka sauti ikamkauka. Jua lilikuwa limeelekea magharibi alipoanza kupumua kama watu. Ndani ya chupa palibaki unyevu tu.

Kesho yake miayo ilianza tena. Leodegar alijikunja mkekani, akasema bila kumtazama mkewe, "Yule ombasha, msimamizi wa askari kambini, alisema atakayeonyesha mtoro mmoja, atapewa chochote anachotaka."

Balbina alikuwa akimnyonyesha mtoto.

"Kelestini bado yuko kisiwa kile kile?" mumewe akauliza, taratibu, kama anayeulizia hali ya shamba.

Huyu ndiye mtu aliyekuwa akimtengea Kelestini samaki mkubwa kuliko wake mwenyewe. Balbina alijilazimisha kusema, "Sijui, baba Aurelia. Nadhani alishahama." Kisha akambeba mtoto, akachukua kapu, akaenda ufukweni kwenye mtumbwi kwa mwendo wa kawaida, maana alijua anatazamwa.

Kelestini alipomwona hakuhitaji maelezo mengi. "Nenda ng'ambo, upande wa Lupiro," Balbina alimwambia. "Uchukue na mtumbwi. Nishushe mimi kwenye maji mafupi, nitatembea."

"Nani amenisema?"

"Hakuna bado. Nenda, kaka yangu."

Alirudi amelowa mpaka kifuani, akimwinua mtoto juu ya maji, akiogopa mamba kwa kila hatua. Alimkuta Leodegar amejikokota hadi ufukweni na gongo lake, akipatazama mahali mtumbwi ulipokuwa ukifungwa.

"Uko wapi?"

"Umechukuliwa na maji."

Alimtazama kwa macho ambayo Balbina hakuweza kuyasahau, akainua gongo. Akaliacha lidondoke, akaanguka kwenye tope akitetemeka.

Siku zilizofuata alitapika, akaharisha, akasema mifupa yake inatafunwa. Balbina alimsafisha, akamnywesha uji mwepesi wa mizizi, na panga akalificha kwa jirani. Mara nyingine alimwombea apone, mara nyingine alijikuta akiomba yaishe tu, vyovyote yatakavyoisha.

Asubuhi moja Leodegar aliomba uji mwenyewe. Alikuwa amebaki mifupa. Alikunywa, kisha akasema, "Ule mtumbwi ungekuwepo, ningekwenda kambini nikamtaja."

"Najua," Balbina alijibu.

Aliishi miaka mingi baadaye, akichechemea, na mguu ulimuuma kila masika. Siku moja Polikarpo, alipopita Michenga, alimwambia kwamba daktari mpya ana dawa, na safari hii wangeitoa kwa uangalifu na kwa muda mfupi. Leodegar alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akasema maumivu yale anayaweza.

Kelestini alirudi vita vilipotulia. Shemeji yake alimpokea kwa furaha, akamtengea samaki mkubwa kama zamani, wakala na kucheka. Hakuna aliyemwambia kitu. Balbina alikula kidogo tu. Alikuwa akimwangalia mumewe, kama alivyomwangalia kila siku tangu siku ile, akisikiliza kama atapiga miayo.