Kishikwambi cha Kumi

Madam Edina Ndahani alikuwa amefundisha darasa la nne kwa miaka kumi na tisa mfululizo, katika shule moja ya msingi huku Chamwino, na kama kuna mtu aliyedhani angemnyang'anya darasa lile kirahisi, basi mtu huyo hakumjua. Darasa la nne ndilo lenye mtihani wa taifa. Ndilo wazazi wanalolijia juu matokeo yakiwa mabaya. Yeye alilipenda hivyo hivyo, na kelele zake na vumbi lake.

Sasa sikia yaliyompata.

Mwezi wa tatu shule ililetewa vishikwambi kumi, na walimu walikuwa kumi. Hesabu ilikaa vizuri, kila mtu na chake. Lakini kwenye kikao cha kugawana, mwalimu mkuu, Mwalimu Ebenezer, alipofika kwenye jina la Mwalimu Obedi, ambaye haoni tangu utotoni, akasita. Hapo Madam Edina, ambaye mdomo wake huwa unatangulia mbele bila kumuaga, akasema, "Jamani, Obedi naye cha nini? Atakitazama na nini?"

Walimu wakacheka. Kishikwambi cha kumi kikafungiwa kabatini, kikaitwa cha akiba. Obedi alikuwa amekaa palepale, mikono juu ya meza. Kikao kikaendelea na habari za choo cha wasichana.

Edina alisahau siku ileile. Alikuwa na yake ya kumsumbua, maana kile kidude kilikuwa hakimsikii. Akikigusa, kimya. Akikigusa tena kwa hasira, kinafungua vitu vitatu kwa mpigo. Halafu mwalimu mkuu akatangaza kwamba Ijumaa ya katikati ya mwezi wa tano Afisa Elimu Kata, Bi. Munira, angekuja kuona darasa la nne likifundishwa kwa kishikwambi.

"Na nisikufiche, Madam," alisema. "Ikishindikana, darasa hilo nitampa Hana."

Hana alikuwa mwalimu mpya, ametoka chuo kikuu Chimwaga juzi tu. Binti wa watu, mwenye adabu, shikamoo yake haikosi. Edina alimchukia siku nne nzima bila kosa lolote.

Zilipobaki siku kumi, balaa likaingia. Edina alikuwa sebuleni kwake anakifuta kishikwambi kwa pindo la kitenge, kwa sababu vumbi la huku linaingia hadi kwenye kopo la chumvi. Akakikamata barabara, akasugua ubavuni, akasugua tena. Kikatetemeka mkononi, na sauti ya mwanamke ikatoka humo, ikasema maneno ambayo kwa mshtuko hakuyashika hata moja.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Kila alichokigusa kilitajwa jina lake, na hakikufunguka. Akigusa picha, sauti inasema, "Picha." Akigusa kalenda, "Kalenda." Akajaribu kukizima, kikasema, "Zima," na hakikuzimika. Nyie acheni tu. Mwanamke wa watu alitokwa jasho.

"Umekiharibu," alisema mumewe, Thobias, akiwa amesimama mlangoni na jembe begani. Thobias hajawahi kushika kishikwambi maishani mwake, lakini hilo alilisema kama fundi.

Edina akakiviringisha kwenye khanga mbili, akakitia ndani ya debe tupu la unga, akafunika. Jumapili hakuthubutu kukiacha nyumbani, Thobias asije akakichokonoa, kwa hiyo akaenda nacho kanisani ndani ya mkoba. Katikati ya sala ya kimya, waumini wote vichwa chini, mkoba ukasema kwa sauti safi kabisa, "Saa nne na dakika kumi na mbili." Mchungaji akafumbua jicho moja. Edina akakohoa mfululizo mpaka sala ilipokwisha, na akinamama wenzake wakamshauri anywe maji ya tangawizi.

Jumatatu hakumwambia mtu. Jumanne vilevile. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwa sababu akishasema tu, darasa limekwenda. Jumatano, wakati wa kipindi cha tatu, ofisi ya walimu ilibaki na watu wawili: yeye, na Obedi aliyekuwa anaandaa somo lake, vidole vyake vikipita taratibu kwenye karatasi ya nukta nundu.

Mkoba ukasema, "Chaji imebaki asilimia kumi na tano."

Obedi akainua kichwa. "Madam, huyo mgeni wako hakaribishwi kiti?"

Edina akajibwaga kwenye benchi. Alikuwa amechoka kuficha. "Obedi mwanangu, nimekwisha. Nimekiharibu kidude cha serikali. Kinaongea tu, hakifunguki. Keshokutwa Bi. Munira anakuja, na darasa langu ndiyo linakwenda hivyo."

"Hakijaharibika."

"Umejuaje nawe, wakati hujakiona?" Akatamani aurudishe mdomo wake ndani.

"Nimekisikia," alisema Obedi, na uso wake haukubadilika. "Simu yangu inaongea hivyo hivyo. Hiyo sauti wametuwekea sisi tusioona. Uliviminya vitufe vya sauti vyote viwili kwa pamoja. Viminye tena, uhesabu moja mpaka tatu."

Edina akaviminya. Moja, mbili, tatu. Kikatetemeka, kikanyamaza. Akaigusa picha, picha ikafunguka. Akaigusa kalenda, ikafunguka nayo, na mwezi wa tano ukajaa kioo kizima.

Akalia. Tena si kile kilio cha kustahi watu. Alilia huku anacheka, akajipigapiga magoti, akasema asante Yesu, akasema asante Obedi, akarudi tena kwa Yesu. Siku nane alizobeba jiwe kifuani, kumbe jiwe lenyewe halikuwepo!

"Ila kufunguka si kufundisha," alisema Obedi alipomwacha amalize. "Kiwashe tena kiongee, ili nami nijue uko wapi. Lete kidole."

Akakishika kidole cha Edina, akakisugua kwa dole gumba lake. "Chaki tupu. Kitakusikiaje? Kanawe kwanza."

Siku mbili hizo walikaa kila mapumziko wakifanya kazi. Obedi alimfundisha alivyojifunza yeye, kwa kusikia na kwa mkono. Gusa mara moja, kinakwambia uko wapi. Gusa mara mbili harakaharaka, kinafungua. Vidole viwili kuteremsha ukurasa. Edina akikosea, Obedi anakirudisha kidole chake mwanzo bila kusema neno. Mle ndani mlikuwa na programu ya sayansi yenye picha za mwili wa binadamu, na humo wakachagua mfumo wa upumuaji.

Alhamisi, wakiwa bado kwenye pua na koromeo, Edina akashindwa kuendelea. "Obedi. Lile neno nililosema siku ya kikao."

"Nililisikia."

"Nilikosa. Nisamehe, mwanangu."

Obedi akakiachia kidole chake. "Niliumia, Madam. Wiki nzima. Kishikwambi ningeweza kukikosa, nimekosa mengi. Kilichoniuma ni kicheko." Kisha akasema, "Nimekusamehe. Haya, rudi nyuma, umeruka koromeo."

Ijumaa Bi. Munira akafika, akakaa nyuma ya darasa na daftari lake, mwalimu mkuu pembeni yake. Watoto sabini na wanne, kioo kimoja. Edina akainua kishikwambi, na mara akaiona shida ambayo hakuna aliyeifikiria: madawati matatu ya mbele yaliona, ya nyuma yalinyoosha shingo bure. Kisha vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye vile vitufe viwili. Moja, mbili, tatu.

Akagusa. "Pua," ikasema ile sauti, ikasikika mpaka dirishani. Watoto wa nyuma wakaitika, "Pua!" "Koromeo." "Koromeo!" "Mapafu." Akagusa mara mbili, mapafu yakaanza kujaa na kunywea, na akawaambia watoto wote washike vifua vyao wavute pumzi pamoja. Darasa zima likavuta, likaachia. Edina naye akaachia, na hapo ndipo alipojua kwamba darasa ni lake.

Baadaye, ofisini, walimu wote wakiwepo, Bi. Munira alisema hajaona mwalimu aliyetumia sauti kwa ajili ya watoto wa nyuma. "Umejifunza wapi, Madam?"

"Kwa Mwalimu Obedi," alisema Edina. "Na mimi ndiye niliyesema hapahapa ofisini kwamba yeye hakihitaji. Nilisema upuuzi, na nyie mlicheka."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu mkuu akapapasa funguo mfukoni. "Kipo kimoja cha akiba, tunaweza..."

"Si cha akiba, Mkuu. Ni chake. Walimu kumi, vishikwambi kumi."

Mwalimu mkuu akafungua kabati, akatoa kishikwambi kikiwa bado ndani ya boksi lake, na kitabu cha kupokelea. Akatoa pia kidau cha wino, akakifunua. "Mwalimu, lete dole gumba."

"Mimi nina sahihi, Mkuu," alisema Obedi.

Mwalimu mkuu akakifunika kidau. Edina akaenda kwenye ndoo, akanawa chaki mikononi, akajifuta kwa kitenge. Kisha akakishika kidole cha Obedi na kukiweka juu ya karatasi, mwanzo wa mstari wa kumi.

"Hapa," alisema. "Jina lako linaanzia hapa."